Njia Ambayo Zuhura Hakuitunga

Amisi aliporudi kutoka makaburini alinipa mkono, na mkono wake ulinuka majani ya mpera. Sisi wanawake tulikuwa tumebaki nyumbani, kama ilivyo desturi ya Waislamu wa Kasongo, tumejaa kwenye mikeka hadi barazani, na wanaume ndio waliokwenda kumzika Zuhura. Huyu mdogo wangu alikuwa amenawa. Udongo ulikuwa umetoka, lakini harufu ya mpera haitoki kwa maji matupu: chungu kidogo, tamu kidogo, harufu ya jani lililovunjwa sasa hivi. Nilimtazama usoni, akakwepa macho yangu, akaenda kukaa na wanaume wenzake. Waombolezaji walikuwa wanasimulia duka la Zuhura na alivyokuwa mkali kwa wateja wanaogusagusa vitu bila kununua, watu wakicheka huku wanafuta machozi, na mimi kwa mawazo nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa nimerudi utotoni, kijijini kwetu upande wa Wamaza, kwenye uwanja wetu wa udongo mwekundu.

Zuhura alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Shangazi aliolewa mjini hapa, na mwaka mmoja yeye na mumewe walikwenda Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu vitenge na sabuni. Machimboni si pa kulelea msichana, kwa hiyo wakamleta Zuhura kijijini kwetu, kwa baba. Alishuka kwenye pikipiki na vumbi hadi kwenye kope, akauliza choo kiko wapi, kisha akauliza kama sisi watoto wa hapa tunajua kucheza au tunajua kulima tu. Nilimchukia hadi jioni. Kesho yake nilikuwa namfuata kama mkia, namwita Yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa.

Mchezo aliotuletea aliuokota mlangoni. Kasongo kulikuwa na kibanda chenye televisheni na jenereta, wavulana wakilipa kuingia na kucheza michezo ya video. Wasichana hawakukaribishwa ndani, lakini hakuna aliyewafukuza mlangoni, na hapo Zuhura alisimama mchana mwingi wa likizo, shingo nje, macho ndani.

"Mule mu televizio muko mutu na upanga," alituambia. "Anafika pa njia mbili, anasimama. Anangojea weye umuambie apite wapi. Usipomuambia, anasimama tu, anapumua."

Kule kupumua kuliniingia moyoni. Nilimwonea huruma mtu yule, nikidhani labda bado amesimama huko Kasongo, anahema, kwa sababu aliyekuwa anamwongoza alikwenda kula akamsahau.

Zuhura hakuwa na televisheni, alikuwa na uwanja. Baada ya kufagia, alichukua kijiti chenye ncha akachora njia kuanzia mlango wa jiko. Njia iligawanyika, ikagawanyika tena, hadi ikafika kwenye mihogo nyuma ya nyumba. Kila mmoja wetu alichagua atakuwa nani. Mtoto wa jirani alikuwa mwindaji anayesikia lugha ya wanyama, dada yake alikuwa mchuuzi anayeweza kumdanganya mtu yeyote, na mimi nilikuwa mganga, nabeba kibuyu chenye moto usiozimika. Zuhura mwenyewe hakuwa mtu yeyote. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na kila tulipofika penye njia panda alitueleza tunachokiona na tunachokisikia, kwa sauti ya chini iliyotulazimisha kumsogelea, kisha akauliza: "Unapita wapi?" Ukijibu, hapakuwa na kujuta. Alifuta njia nyuma yako kwa unyayo wake na kusema, "Ukishapita, umepita."

Sisi tulidhani anabuni papo hapo. Siyo. Alipokuwa anatwanga mihogo niliona midomo yake ikicheza, na siku moja nilimuuliza anaongea na nani.

"Napanga," alisema. "Lazima nijue pande zote mbili mbele ya nyinyi kufika. Nikijua upande moja tu, mutaiona mu macho yangu."

Kulikuwa pia na matawi. Kwetu mtu anayetangulia safarini, akifika njia panda, huvunja tawi na kulilaza kwenye njia ambayo hakuipita, ili wanaomfuata wasipotee. Zuhura alilaza vijiti vya mpera, vyenye majani mawili matatu, kukata njia alizozichora. Lakini mjanja yule mara nyingine alificha kitu kizuri nyuma ya tawi, samaki mkubwa au mtumbwi unaojiendesha, kwa ajili ya mchezaji mwenye moyo wa kuliruka. Nyanya yetu, mama yake baba, tuliyemwita Koko, alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, ila masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya sungura.

"Tawi haichezewe," alituambia kutoka barazani. "Tawi ni kinywa ya mutu mwenye kwisha kupita."

"Koko, hii ni muchezo tu."

"Ndiyo. Na siku tawi ya kweli itakuwa mbele yenu?"

Zuhura alicheka. Mimi nilicheka kwa sababu Zuhura alicheka.

Adui wa mchezo wote alikuwa mfalme, Mwami Bila Kivuli. Kwa kuwa hana chake, alikula vivuli vya wengine, na alama yake ilikuwa hiyo: ukitazama chini ukakuta huna kivuli, ujue umeshaingia mikononi mwake. Kwanza alikukamatia mtu unayempenda. Kisha alikusimamisha penye njia panda na kukuuliza swali, ambalo Zuhura alilisema kwa sauti nene, mkono kifuani: "Unipe kile unabeba, nitakurudishia ule nilikamata. Unatoa, ao unakataa?" Mwindaji alitoa mkuki wake. Mchuuzi alitoa mzigo wake wote, akalia kweli. Mimi nilipofika pale nilisita. Bila moto, mganga wangu angetembea gizani hadi mwisho wa mchezo. Nilikuwa bado nimesimama, napumua, mama alipoita kutoka chumbani kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Zuhura akaruka kutoka kwenye kinu. "Utanijibu kesho," alisema.

Mtoto alizaliwa alfajiri, na damu ya mama haikukoma. Daraja la barabara ya pikipiki lilikuwa limeanguka kwa mvua, kwa hiyo baba na majirani walifunga kiti kwenye miti miwili wakatengeneza tipoi ya kumbeba mama begani, wapitie njia ya mkato hadi kituo cha afya. Walitaka kukimbia, wakipokezana. Mama alikuwa anazimia na kuzinduka, hakuweza kushika kitu, na kichanga kile kingeweza kudondoka.

"Muniachie mutoto," Koko alimwambia baba. "Nitamubeba mu kifua, ngozi kwa ngozi. Tutawafuata."

"Na macho, mama?"

"Watoto hawa ni macho."

Baba alitutazama mimi na Zuhura kana kwamba anatuona mara ya kwanza. "Tutawawekea tawi," alisema, na tipoi ikaondoka.

Tulitembea asubuhi yote. Koko alimfunga mtoto kifuani kwa kikwembe, kitenge chake cha zamani, na mimi nilishika ncha ya fimbo yake nikiivuta mbele. Zuhura alitangulia, akitaja mizizi na mashimo. Penye njia panda ya kwanza tulikuta tawi, mbichi, limelazwa vizuri, nikafurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Mtoto alilia mwanzoni. Baadaye alilia kwa vipande. Baadaye alinyamaza, na Koko akaanza kuongeza mwendo, yeye ambaye magoti yake yalikuwa yanalalamika hata akienda jikoni.

Penye njia panda ya pili Zuhura alisimama ghafla hadi nikamgonga.

"Tawi iko wapi?" Koko aliuliza.

Zuhura alitazama njia moja, akatazama nyingine.

"Nauliza, tawi iko wapi?"

"Iko mbili, Koko. Kila njia iko na yake."

Njia ile ilifunguliwa baada ya daraja kuanguka, na Koko hakuwahi kuipita. "Basi kuko watu wengine walipita leo," alisema. "Wale wa dhahabu, wa Salamabila. Wao wamefunga njia yetu, na sisi tumefunga yao. Muangalie tawi ya baba yenu ni gani."

Tuliangalia. Mpera ulikuwa pale pale pembeni, na matawi yote mawili yalikuwa yamevunjwa kutoka kwenye mti huo mmoja, yote yamenyauka kwa jua kwa kiasi kile kile. Niliyanusa, moja baada ya jingine, nikayasaga majani yake vidoleni. Harufu ilikuwa moja. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, haikushika unyayo. Njia moja ilikwenda kwa mama. Nyingine ilikwenda machimboni, siku nzima ya pori bila nyumba, na mtoto ambaye hajanyonya tangu azaliwe hakuwa na siku nzima.

Nilimgeukia Zuhura nikingoja. Yeye ndiye aliyekuwa anajua pande zote mbili.

"Sijui," aliniambia. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Mwavita, sijui nyuma yake kuko nini."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Nadhani ningeogopa kidogo zaidi tu kama ningeona chui.

"Mukae hapa," akamwambia Koko. "Napita huku, nikimbie, nione. Nikikosa nitarudi, nijaribu ingine."

"Yaya, hairudiwe!" nilipiga kelele. "Weye mwenyewe ulisema! Ukishapita, umepita!"

Alikuwa ameshaliruka tawi la kushoto, sketi mkononi, na majani yakamfunika.

Koko alikataa kukaa chini, maana angekaa asingeinuka upesi. Alisimama katikati ya njia panda, mkono mmoja kwenye fimbo, mkono mwingine ndani ya kikwembe, anampa mtoto kidole. "Ananyonya," alisema. Baada ya muda alisema, "Ananyonya kidogo." Kisha hakusema tena. Nyenje walikuwa wanalia porini kwa sauti moja isiyo na mwisho, jasho linaniingia machoni, na Zuhura harudi. Nilimwita. Pori halikuitika. Niliinamisha kichwa ili nisilie mbele ya Koko, na hapo ndipo nilipoona.

Sikuwa na kivuli.

Nilitazama pembeni ya Koko: hana. Fimbo yake, iliyosimama wima kwenye udongo: haina. Leo najua kwamba ilikuwa saa sita na jua lilikuwa utosini, na kwamba vivuli vyetu vilikuwa chini ya nyayo zetu wenyewe. Lakini nilikuwa mtoto, na mtu pekee aliyejua mambo ya ulimwengu alikuwa ameniambia alama ni ipi. Tulikuwa mikononi mwake. Amemchukua mama, sasa amemchukua Yaya, na ametusimamisha penye njia panda ili aniulize lile swali nililoahidiwa kulijibu kesho, na kesho ndiyo hii. Na kitu tulichokuwa tunabeba kilikuwa kimoja tu.

Nitasema wazi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: hesabu ilikuwa rahisi. Mama nilimjua maisha yangu yote. Yaya ndiye aliyekuwa furaha yangu. Mtoto huyu nilimjua tangu asubuhi, hana hata jina, na ni yeye aliyesababisha damu.

"Koko," nilisema, "tumuweke chini."

"Nani?"

"Mutoto. Hapa katikati. Mama atarudi, na Yaya atarudi."

Sijui kama alinielewa. Uso wake ulikuwa umegeukia kifuani, anasikiliza. "Wacha maneno," alisema. "Leta mikono. Miguu yake imepoa, uipashe moto."

Alifungua pindo la kikwembe. Niliingiza mikono nikaikuta miguu miwili isiyofika urefu wa kidole changu cha shahada, baridi kama kokoto za mtoni. Niliifunika. Nilipumua ndani ya viganja vyangu kama mtu anayechochea makaa. Nilikuwa bado nawaza kumtoa, sikuwa nimebadili shauri. Kisha mguu mmoja ukanisukuma. Ulikuwa msukumo mdogo, wenye hasira, kama wa mtu anayesema ondoka hapa, na ulitoka kwake mwenyewe, haukutungwa na mtu.

Niliinua kichwa nikaikabili njia ya kushoto. "Nakataa!" nililia. Nikaikabili na ya kulia, maana sikujua yuko upande gani. "Nakataa! Simutoe!"

"Unasemesha nani?" Koko aliuliza.

Nilikuwa nashika miguu ile kwa nguvu zangu zote nikingoja kuadhibiwa. Nilikuwa na hakika kwamba nimemuua mama.

Kilichokuja ni Zuhura. Alitokea njia ile ile aliyoingilia, magoti yana damu, mkononi ana kipande cha kitenge cha mama, kile cha maua ya bluu kilichofungia tipoi. Alikiokota kwenye kijito. "Ni huku," alisema akihema. "Koko, ni huku, walipumuzika pale, kuko majani walimulaza." Alishika ncha ya fimbo badala yangu akamvuta Koko yeye mwenyewe. Mimi nilitembea pembeni, mikono ndani ya kikwembe, kinyumenyume nusu ya njia, na jua lilipoinama nikaona kijivuli changu kinachungulia karibu na kisigino. Niliamini kimerudishwa.

Muuguzi alimpokea mtoto, akamsugua mgongo kwa kitambaa hadi nikataka kumng'ata mkono, akamlaza juu ya mama. Mama alikuwa na rangi ya majivu, na mrija mkononi, lakini macho yake yalikuwa wazi. Mtoto alilia. Baba, ambaye alikuwa amesimama tangu asubuhi, alikaa chini sakafuni kama gunia lililofunguliwa. Ndugu yule aliitwa Amisi.

Jioni, Zuhura alikuwa anaosha magoti yake uani, nami nikamwagia maji kwa kikombe.

"Nilikataa," nilimwambia.

"Ulikataa nini?"

"Mwami alikuja. Kivuli yangu iliisha, na ya Koko. Alitaka mutoto, nikakataa." Nilingoja anisifu. Aliendelea kuosha goti. "Sasa uniambie, Yaya. Nyuma ya kukataa ulipanga kuko nini?"

Alikaa na mkono juu ya goti. "Hakuna kitu."

"Namna gani?"

"Sikupanga. Nilijua wote mutatoa. Hakuna mutu alishakataa."

Nilikasirika kama sijawahi kukasirika. Nilimrushia kile kikombe cha maji. Nilisimama pale kati ya mama yangu na yule mtoto na roho yangu inatoka, na huyu hakuwa ametunga njia ya pili! "Basi haikuwa njia mbili!" nilimwambia. "Ilikuwa moja! Ulitudanganya!"

"Ndiyo," alisema. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, na hakuyafuta. "Kule porini, nilipokuwa nakimbia, ndiyo kitu niliogopa. Kwamba njia itaishia katikati, mwenye kuipanga aliisahau."

Tulirudi kijijini mama alipoweza kutembea, na mchezo ulirudi uwanjani, ila haukuwa ule ule. Zuhura aliacha kufuta njia kwa unyayo. Kila swali lilikuwa na pande mbili za kweli, na ukimbana ukachagua upande wa tatu, alishuka kwenye kinu akaomba muda akaupange. Njia ya kukataa tuliitunga pamoja, mimi na yeye, na ilikuwa ngumu na ndefu kuliko zote, lakini ilifika mahali. Na matawi: hakulaza tena tawi likakata njia nzima. Pembeni aliacha nafasi ya upana wa kidole, hata ukimuuliza kwa nini alikuwa anakwambia tu ndiyo sheria. Shangazi alipokuja kumchukua, mimi nilichukua nafasi yake juu ya kinu, na Amisi akakua akicheza mchezo huo bila kujua kwamba aliwahi kuwa ndani yake.

Jioni ya maziko, watu walipopungua, nilimfuata Amisi nyuma ya nyumba. Sasa ni mwanamume mwenye ndevu, ana watoto wake. Nilimuuliza mpera ulitoka wapi.

"Wengine walinicheka," alisema. "Tulipotoka pa makaburi nilibaki wa mwisho. Nikavunja tawi, nikaifunga ile njia ya makaburi. Sisi hatupite pale leo, Yaya. Kuko watoto nyuma yetu."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Lakini sikuifunga yote," alisema, akanionyesha kwa viganja viwili, akiviacha mbalimbali kiasi cha mtu mwembamba kupita ubavu. "Pembeni nimeacha nafasi."